Mheshimiwa wa Tabianchi na Gari Lake

Jumamosi, mtaa wa Pipeline, Nairobi

Mheshimiwa wetu hana haya hata kidogo. Ametoka ng'ambo kwenye mkutano wa tabianchi, na leo amekuja hapa mtaani na kipaza sauti kujigamba eti Kenya imetia saini mkataba wa kupunguza gesi chafu. Watu wakampigia makofi.

Gari lake kubwa liliachwa chini ya dirisha letu, injini ikinguruma. Moshi wote ukaingia kwa binti yangu Mwende, na kifua chake bado kinambana.

Nilishuka nikamwomba dereva azime.

"Mama, nikizima, AC nayo inazima. Mkubwa akikuta gari lina joto, nimeisha."

Basi nikamwendea mheshimiwa mwenyewe, mbele ya watu.

"Moshi wa gari lako unamkohoza mwanangu. Naomba lizimwe."

Akatabasamu. "Hoja nzuri, mama. Tutaiwasilisha kwenye kamati."

Mtu anaombwa azime gari, anataja kamati. Na huyo ndiye anayetuwakilisha duniani.

Niliporudi, Mwende alikuwa akikohoa dirishani. Dereva alimtazama, kisha akazima gari. Baadaye nilisikia akifokewa na mheshimiwa mpaka wakaondoka.

Naogopa watamfuta kazi. Hata jina lake sikumuuliza.