Mlio wa Mdeki

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka karakanani, ambako nakuandikia mikono ikiwa bado inanuka baruti. Mtoto anaendeleaje? Wifi kaniambia homa imeshuka, nikashusha pumzi. Sisi hatujambo. Mama analalamika kuwa nguo zote zimerudi kwa maji na zinambana, kumbe si maji, ni chapati zinazomnenepesha.

Nasikia umenuna. Eti ulimpigia baba kumwambia mwanao kalazwa, naye akakujibu kuwa mvua ni nyingi huku. Tangu siku hiyo umekata mguu hata kwenye simu. Kaka, weka hasira kando unisikilize.

Juzi bwana mmoja alituletea gobori lake. Alikuwa amelijaza mafuta bila kuliosha, akidhani analitunza; masizi ya baruti yakageuka uji mweusi na kutu ikaanza kula mtutu. Baba alimweleza kuwa gobori huoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kama sufuria, likauke, ndipo lipakwe mafuta. Yule bwana alipoona birika linachemka kwa ajili ya bunduki yake, alishika kichwa.

Lakini unakumbuka kuwa kabla ya maji, baba hudondosha mdeki ndani ya mtutu. Ile fimbo ya chuma ikilia ngliing, gobori ni tupu. Ikitoa mlio mzito, kuna baruti ndani. Siku hiyo baba aliudondosha, akainamisha kichwa kusikiliza, akasema ni tupu. Mimi nilisikia dup. Akaligeukia jiko la mkaa lenye birika, gobori likiwa mkononi. Nilimwita, hakugeuka. Nilipiga ukelele uliomtoa mama jikoni, baba hakugeuka. Nikaruka nikamnyang'anya.

Tulipokwisha kutoa baruti na risasi, alikaa kwenye kigoda. Akaniambia masikio yamemtupa mkono kitambo, kwamba anatusoma midomo, na kwamba nisithubutu kukwambia kwa sababu utaifunga karakana. Niliapa. Leo navunja kiapo, na sijutii.

Maana nilimuuliza habari ya simu zako. Akasema hasikii hata neno. Anajua tu kuwa ni wewe, kwa hiyo husema lolote linalomjia, mvua, kuku wa mama, ili usikate. Habari ya mjukuu wake kulazwa aliijua siku hiyo ya gobori, kwa kunitazama mdomo. Nililia, kaka.

Karakana usiifunge. Mdeki sasa naudondosha mimi, naye ananitazama usoni. Mikono yake ni ileile. Macho nayo ni mazima, hivyo mwandikie, hata kwa mwandiko wako wa kuku. Lakini na simu piga. Tangu uache, anaiweka kwenye mfuko wa shati kutwa nzima, hata akisugua mtutu, ili ikitetemeka aihisi.

Mbusu mtoto, na wifi mwambie namdai picha.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kucha nyeusi