Mkono wa Mama Umepona

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na wanangu wote wawili. Natumaini mu wazima na huo mgongo wako umetulia. Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo, na ukisoma hadi mwisho utajua hajambo kiasi gani. Mimi ni mzima wa kusimama. Nikikaa tu nasinzia.

Kazini nipo pale pale, kwenye pasi za mashuka ya hoteli. Joto ni lile lile, na msimamizi wetu bado anatupitia mgongoni kana kwamba shuka moja likikunjwa vibaya hoteli nzima itaanguka. Asubuhi namwogesha Mama, namvisha, namlisha, ndipo nakimbilia kazini. Mchana naomba ruhusa nije kumlisha tena. Jioni hivyo hivyo. Tangu kiharusi kimshike mkono wa kulia nimekuwa mikono yake yote miwili, na rafiki zangu wameacha hata kunipigia simu.

Najua utasema uliniambia. Ulitaka kuleta mtu wa kunisaidia, nikasema Mama hapendi mikono ya wageni. Ulitaka kumchukua akae kwenu, nikasema hataki. Jirani yetu Mama Redio, yule asiyeweza kutunza siri hata dakika moja, alijitolea kukaa naye asubuhi, nikamwambia ahsante, nimeshazoea. Mtaani wakanisifu kwamba sina mfano. Nilipenda kusifiwa, sikufichi.

Sasa sikia. Wiki iliyopita kizunguzungu kilinishika kazini, nusura niangukie pasi. Msimamizi akanirudisha nyumbani. Nilipofungua mlango wa uani nilimkuta Mama na Mama Redio wamekaa mkekani na sufuria la viazi katikati yao. Mama alikuwa akimenya. Kisu kilikuwa mkono wa kulia, maganda yanashuka marefu, na yeye anacheka hadi machozi yanamtoka. Aliponiona akaweka kisu chini, akaulaza ule mkono mapajani kama mgonjwa. Mama Redio akabeba viazi vyake akaondoka bila neno. Kumbe mtu huyo alikuwa ametunza siri miezi yote ile!

Nikamuuliza Mama kwa nini basi kila siku alikuwa akifungua mdomo nimlishe. Akasema siku ya kwanza alipojaribu kushika kijiko mwenyewe nilimnyang'anya, nikanuna hadi jioni. Alisema tangu mume wangu aondoke aliona sina kingine cha kushikilia, akaona bora aniachie huo mkono. Akawa anafanya mazoezi nikiwa kazini. Akaongeza, kwa upole tu, kwamba hata yeye sasa amechoka kuumwa kwa ajili yangu.

Nilifoka, mdogo wangu. Nilimwambia nimejimaliza bure. Baadaye nikajifungia chumbani nikalia, kwa sababu nilikumbuka vizuri siku daktari aliposema mkono utarudi. Moyo wangu haukufurahi. Niliogopa. Nilijiuliza nitakuwa nani humu ndani Mama akishaweza kujivisha.

Na kuna hili, ambalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Ile habari kwamba Mama hataki kuja kwenu niliitunga mimi. Sikuwahi kumuuliza. Nimemuuliza juzi tukiwa mezani, yeye anakula mwenyewe, mimi sijui niweke wapi mikono yangu. Aliinuka, akaenda kutoa nguo zake kabatini, akaanza kuzikunja.

Basi njoo umchukue mwisho wa mwezi huu. Usimwambie wifi kwamba nimemchoka Mama, maana si kweli. Mwambie nimechoka, inatosha.

Nisalimie wote hapo, na wanangu uwabusu kwa niaba yangu. Ukifika utaniuliza kama nitaweza kukaa peke yangu, nami mbele ya Mama nitasema naweza, wala usijali. Usinisadiki. Nivute pembeni uniulize tena.

Ni mimi dada yako,
Wa pasi.