Choo Chenye Meno

Tarehe 4 Machi

Kwako binti yangu,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, magoti yote mawili bado yananitii. Natumaini nawe hujambo huko kazini, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia.

Najua barua yangu ya mwisho uliipata miaka miwili iliyopita na ilikuwa na mistari mitatu. Hii itakuwa ndefu kidogo kwa sababu nakuandikia kama mteja. Ningekuwa na fundi bomba mwingine ninayemwamini, ningemwandikia yeye.

Mama yako hayupo nyumbani. Tangu aanguke kwenye ngazi, huu ni mwezi wa tatu yuko kwa mama yako mdogo, ambako choo kiko hatua sita kutoka kitandani. Hapa kwetu choo kiko ghorofani, ngazi kumi na nne, na daktari amemkataza hata moja. Nimemwandalia chumba cha uani. Nimepaka rangi, nimepanua dirisha. Juzi alikuja na fimbo yake kukiona, akakisifu, kisha akaniuliza, "Na choo?" Nikamjibu kwamba kwa sasa ndoo ipo. Akageuka, akaondoka. Amemwambia mdogo wake kwamba atarudi siku atakayoweza kwenda haja bila kuomba mkono wa mtu na bila mtu kumbebea ndoo.

Miaka arobaini na moja tumelala chini ya paa moja. Siku hizi nakula nikitazamana na jiko.

Basi nataka choo kwenye chumba cha uani. Chemba ya majitaka iko mbele, upande wa barabara, mita kumi na moja. Toa ushauri wako.

Mteja wako,
Baba


Tarehe 13 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante kwa kukumbuka. Habari za mama nilizipata kwa mama mdogo wiki ile ile alipoanguka. Nilingoja nizisikie kwako.

Kwa kuwa umeniandikia kama mteja, nakujibu kama fundi. Weka choo cha mashine. Kwa nje ni choo kama kingine. Nyuma yake kuna kisanduku, ukubwa wa begi la shule, chenye visu na pampu. Ukivuta maji, mashine inasaga kila kitu mpaka kinakuwa uji mwembamba, kisha inausukuma kwenye bomba jembamba, kipenyo kama cha mpini wa nyundo yako. Bomba hilo linapanda ukutani, linapita juu na kwenda kushuka kwenye chemba. Huvunji sakafu, huchimbi mtaro. Kazi ya siku mbili. Jengo ninalotunza lina vyoo viwili vya namna hiyo, kwenye vyumba vilivyo chini ya usawa wa barabara, na huu ni mwaka wa sita.

Sasa ubaya wake, maana najua utauuliza. Kwanza, kinategemea umeme. Ukikatika, kinalala, kwa hiyo lazima kuwe na betri na inveta yenye nguvu ya kutosha kuiwasha mota. Pili, kinaunguruma kwa sekunde kumi au kumi na tano, na nyumba nzima itajua nani ametoka wapi. Tatu, kinakula karatasi laini ya chooni tu. Pamba, kitambaa, nywele, uzi, hata kimoja kikiingia, visu vinakwama. Nne, kikikwama, anayekifungua atakumbuka siku hiyo. Mimi nakumbuka zangu mbili. Tano, kila baada ya miezi michache kinataka dawa ya kuondoa chumvi ya maji inayoganda ndani, na miaka kumi na tano ikifika utakuwa umeshakibadilisha.

Kwa mama, naona faida imezidi. Nijulishe.

Fundi wako,
Binti yako


Tarehe 21 Machi

Kwako fundi,

Salamu. Hapa hakuna jipya ila jiko, ambalo nimeanza kulizoea.

Nimesoma ushauri wako mara mbili. Nimewasimulia mafundi wenzangu, wakacheka mpaka mmoja akaweka mwiko chini. Choo chenye meno! Wakaniuliza kama nacho kitapigwa mswaki. Mimi nimeanza kazi hii kwa kubeba zege kichwani, nimejenga nyumba thelathini na moja, na katika zote uchafu umeshuka wenyewe. Maji yana akili, yanajua chini ni wapi. Leo mwanangu ananiambia niyasukume yapande ukuta kwa umeme, umeme wenyewe huu unaokatika kama mazungumzo ya wakwe.

Hesabu yangu ni hii. Sakafu ya uani iko sentimita hamsini juu ya mdomo wa chemba, imeandikwa kwenye daftari langu la ujenzi kwa mkono wangu. Bomba la inchi nne litapita ishirini chini ya sakafu. Inabaki thelathini. Mteremko nautaka sentimita mbili na nusu kila mita. Mara kumi na moja, ishirini na saba na nusu. Nina akiba ya mbili na nusu. Namba haina undugu.

Nitachimba mwenyewe. Ahsante kwa ushauri.

Baba


Tarehe 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Barua hii sikuandikii kama fundi.

Unajua mama alianguka kwa nini? Wewe umeandika kwamba alianguka kwenye ngazi, kana kwamba ngazi ndiyo iliyomsukuma. Nimeongea naye Jumapili. Kwa mwaka mzima alikuwa anakunywa vikombe viwili vya maji kwa siku. Viwili, Baba. Kimoja asubuhi, kimoja na dawa. Alijinyima ili asizipande zile ngazi kumi na nne mara nyingi, maana goti lilikuwa linamuuma na hakutaka kukusumbua. Siku ile alishikwa na kizunguzungu. Wewe unayejua ukuta mmoja umekula matofali mangapi, hukuwahi kuhesabu vikombe.

La pili. Kabla hujachimba, pima. Usipime kwa daftari.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Sakafu ya uani ilikuwa na siku mbili tangu imwagwe. Ulinipa mwisho mmoja wa mpira wa kupimia usawa, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, ukaenda na mwisho mwingine kwenye sakafu ya mbele. Alama zilikuwa mita moja kutoka sakafuni, yako na yangu. Kama sakafu zilikuwa sawa, maji yangegusa alama zote mbili. Ya kwako yaligusa. Ya kwangu yalisimama juu ya alama, shibiri nzima. Nikapaza sauti kwamba huku sakafu iko chini. Ukasema nimeinua mpira. Asubuhi ile ile wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba hata mpira ukiuinua, maji hayajali, yanabaki kwenye usawa wao. Nikakukumbusha. Ukawageukia mafundi ukawaambia, "Mkono wa msichana hauna pima." Wakacheka. Ukaandika hamsini, ile ile ya sakafu ya mbele.

Nilikwenda kusomea maji kwa sababu ya siku ile. Ni miaka kumi na tisa sasa, na bado sijawahi kuona maji yakisema uongo.

Chimba ukitaka. Mama anangoja.

Binti yako


Tarehe 15 Mei

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa nachimba, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimekaa.

Nilichimba mita kumi na moja. Niliwakatalia wenzangu wasinisaidie. Nikalaza bomba kwa hesabu ya daftari, na kila nilipokaribia mbele nikaona mtaro unazidi kwenda chini ya mdomo wa chemba. Nikajiambia ni chemba iliyopanda. Chemba ya zege, imepanda. Nikarekebisha bomba liifikie, nikamwaga ndoo ya maji, pamoja na kidonge cha karatasi niliyoiloweka. Nikaenda mbele kungoja. Maji yalikuja kidogo, kwa aibu. Karatasi haikuja. Niliikuta kwenye mita ya nne, imetulia kama mgeni aliyeambiwa karibu.

Nikatafuta ule mpira. Bado ninao, umekuwa wa njano. Sikuwa na wa kumshikisha, nikafunga mwisho mmoja kwenye msumari mbele, nikabeba mwingine mpaka uani. Nilipima mara tatu. Mara ya tatu nilivaa miwani.

Ishirini na tatu.

Sakafu iko chini kwa sentimita ishirini na tatu. Hamsini yangu ni ishirini na saba; toa ishirini za bomba, inabaki saba, na mimi nataka ishirini na saba na nusu. Nimelala juu ya kosa hili, nimelipaka rangi, nimelipanulia dirisha.

Hukuinua mpira. Na hata kama ungeuinua. Nilijua siku ile ile, mwanangu, siyo kwamba umepatia, lakini kwamba sababu niliyoitoa haikuwa sababu. Kulikuwa na watu watano wananitazama na sakafu ilikuwa imeshakauka. Nikaona ni rahisi kukuvunja wewe kuliko kuivunja sakafu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na majibu yake nimeyaona: mke wangu hayupo, binti yangu haji, na mtaro umejaa maji.

Vikombe vile sijui niviandikeje. Nilimwendea mama yako, nikamuuliza kama ni kweli. Akasema, "Ulikuwa na kazi nyingi."

Njoo utuwekee hicho choo chenye meno. Ukija, mpira utausoma wewe. Mimi nitashika mwisho.

Baba yako


Tarehe 22 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Barua yako niliipokea nikiwa kazini, nikaisoma nimesimama kando ya pampu, kisha nikaikunja na kuiweka mfuko wa ndani, si ule wa vifaa.

Nimeomba ruhusa ya siku tano kuanzia tarehe 18 Juni. Mashine nakuja nayo. Wewe tafuta betri na inveta, na mtu wa umeme avute waya wa mashine pekee mpaka kwenye chumba, usiunganishwe na wa jiko. Mtaro ufukie, hatuuhitaji tena. Bomba jembamba litapanda ukuta mita mbili, litavuka uani chini ya ukingo wa paa, lishuke kwenye chemba. Ukutani nataka vishikizo kila nusu mita, na vishikizo unavijua wewe kuliko mimi.

Ule mpira uuoshe. Usiweke maji ya uchafu.

Mwanao


Tarehe 30 Julai

Kwako fundi wangu na mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote wawili. Naandika "wawili" na kalamu inafurahi. Mama yako anakuuliza kama unakula, maana anadai ulipokuja ulikuwa mwembamba kama bomba ulilolileta.

Naona nikupe taarifa ya wiki tano, kwa haki, mazuri na mabaya.

Umeme umekatika mara saba. Mara sita betri imebeba. Mara moja nilikuwa nimeichomoa nichaji taa ya kazini, na kwa saa tatu mama yako alikaa amenuna na choo kimenuna. Sijarudia.

Mashine imekwama mara moja. Mama yako mdogo alikuja kututembelea akatupa kipande cha pamba. Niliifungua mwenyewe kwa kufuata karatasi uliyoniachia, na sasa naelewa kwa nini ulisema anayekifungua atakumbuka siku hiyo. Tangu hapo nimebandika tangazo mlangoni, mistari minane, namba moja mpaka nane. Mama yako alilisoma lote akauliza kama hapa ni chooni au ni ofisi ya ushuru.

Mafundi wenzangu walikuja kukiona. Yule aliyeweka mwiko chini ndiye aliyekivuta mara tatu mfululizo. Nikawaonyesha bomba linavyopanda, wakashangaa. Mmoja akauliza kwa nini niliuacha mtaro, wakati daftari langu linaruhusu. Walikuwa watano, idadi ile ile. Nikawaambia sakafu ya uani iko chini kwa sentimita ishirini na tatu, na kwamba binti yangu aliipima akiwa na miaka kumi na mitano, nami nikambishia mbele za watu. Wawili kati yao walikuwepo siku ile. Hakuna aliyecheka. Mkubwa wao akaniuliza kama unaweza kumtazamia nyumba ya dada yake, mama wa watu anapanda ngazi ishirini. Nimempa anwani yako.

Kelele ni kama ulivyosema, sekunde kumi na mbili, nimezipima. Wiki ya kwanza ilinikera. Sasa nikiwa mbele nachonga ubao, nikiisikia inaunguruma uani, najua ameamka, amesimama, amekwenda mwenyewe na fimbo yake, na hakumwita mtu. Isipounguruma mpaka saa nne, naweka randa chini naenda kuchungulia. Ananifukuza.

Lile daftari la ujenzi nimelifungua kwenye ukurasa wa uani. Nimekata hamsini, nimeandika ishirini na saba, na pembeni jina la aliyepima. Chini yake kulikuwa na nafasi, nikaanza kuandika hesabu nyingine, ya kila siku. Ya jana nakunakilia hapa uione.

Vikombe vya maji: saba.

Aliyekushikia mpira,
Baba