Wageni Waliorudi Wameshiba

Dada Pisila,

Naendelea kuhudumu mezani melini. Jana tulitia nanga hapo kisiwani kwetu Vavaʻu, lakini zamu ikaninyima kushuka. Jioni wageni wangu wakagoma kula.

"Tumeshiba nguruwe, mwanangu!" akacheka Bi Maureen wa Brisbane, na kaptura yake ya maua. "Tumepita kwenye sherehe, watu wamejifunga mikeka mikuukuu, wakatukalisha tule. Utalii mnauweza!"

Nikacheka, maana kwetu mikeka mikuukuu ni ya matanga, si ya sherehe.

Kisha akanionyesha picha. Ulikuwa wewe, umejifunga ule mkeka mkubwa uliochakaa anaouvaa mtoto aliyefiwa na mzazi. Mama alikuwa nyuma yako.

Kwa hiyo ni baba.

Bi Maureen alikuwa amenifungia kipande cha nyama ile ya huko kwenye leso. Nilikila jikoni, nimesimama. Chumvi ilizidi, dada, au ni mimi.

Mdogo wako,
Kepu