Matangazo ya Koboko Hayaingii

Jumatatu, 3 Machi
Arua. Umeme umerudi saa nne. Nimeongeza mlisho wa RSS wa parokia. Kazi ni ileile: nabandika anwani kwenye programu, nasubiri, matangazo yao yaanze kuingia yenyewe kwenye ukurasa wetu wa matangazo mtandaoni. Umekataa mara mbili. Nilipewa anwani ya tovuti, si ya mlisho. Sasa unaingia. Macho yanauma. Mlisho wa redio ya Koboko, unaotuletea matangazo ya vifo, ambayo ndiyo watu huyafuata kwetu, una alama ya kijani. Mzima.

Jumanne, 4 Machi
Siku mbaya. Amekuja Mama Ayikoru kutoka Inde. Kaka yake alifariki Midia wiki iliyopita. Nduguze walipeleka tangazo redioni Koboko, na huku kwetu tangazo likishatoka, hakuna anayepiga simu tena. Kila mtu anahesabiwa amejua. Redio ya Koboko haifiki Inde, kwa hiyo yeye husoma ukurasa wetu kila asubuhi. Kwetu halikutokea. Alifika kaburi limeshafukiwa.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Madamu Candiru, mkubwa wetu, alingoja mama huyo atoke. "Wewe iko kwa majaribio bado, msomi. Mutu mwingine akikosa maziko, unarudi kwenu."

Jumatano, 5 Machi
Sijalala vizuri. Nimekagua mlisho wa Koboko asubuhi yote. Anwani sahihi. Hakuna kosa. Kijani. Nimeiamuru programu iutembelee mara nyingi zaidi. Inakwenda, inarudi mikono mitupu. Nilitaka kuufuta na kuuongeza upya, nikaogopa. Nikiharibu na hiki kilichobaki?
Nimechoka, na sijui hata ninachotafuta.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua tovuti ya redio yenyewe. Kuna tangazo jipya: bibi mmoja wa Midia, maziko kesho mchana, watoto wake wako Arua. Kwetu hayupo. Mikono ilitetemeka.
Nikausoma mlisho wenyewe, mstari kwa mstari. Kila tangazo hubeba namba yake ya utambulisho. La bibi lina namba ya tangazo la mwezi uliopita. Programu inaiona namba, inadhani imeshalisoma, inaliruka.
Nikampigia Lemi, anayeandika matangazo kule Koboko. Hakuona shida. "Mimi nafungua ile ya jana, nabadilisha majina na kijiji tu. Maneno iko ileile. Kwani marehemu watagombana?" Kumbe na namba hubaki ileile ya zamani. Nilipomwambia habari za Mama Ayikoru, akaacha mzaha. Akasema pole, ataandika kila moja upya.
La bibi nimeliweka kwa mkono. Kisha nikabaki nimekaa. Maana kumwambia Madamu chanzo ni kumwambia pia kwamba kaka wa Mama Ayikoru hakuwa peke yake. Wote waliotangazwa tangu tangazo lile la mwezi uliopita wamepotea, na mimi nilikuwa naangalia alama ya kijani. Nikaenda. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Alichukua simu, akaanza kuwatafuta watoto wa bibi.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua kidogo. Watoto wa bibi waliondoka alfajiri kwenda Midia. Madamu ameniuliza kama Jumatatu nitaweza kuongeza mlisho wa Yumbe. Nikasema ndiyo. Basi, hakuna zaidi.
Mchana amerudi Mama Ayikoru. Hakutaka maelezo. Alitaka kuliona tangazo la kaka yake. Nikatafuta, ingawa nilijua. Lemi aliandika jina la mwingine juu yake, na wa tatu juu ya huyo. Halipo popote.
Nikampigia Lemi. Akaliandika tena, jipya, kutoka karatasi waliyoleta nduguze, maneno kama yalivyokuwa, siku ya maziko ileile iliyopita. Tukakaa tukingoja, mimi na Mama Ayikoru, mbele ya kioo cha kompyuta.
Likaingia.
Alilisoma kwa kidole, polepole, jina, kijiji, jina la baba yao. Alipofika kwenye orodha ya nduguze, kidole kikasimama kwenye jina lake.
"Mimi iko," akasema.
Nikamletea chai. Tumekaa hivyo mpaka mvua ikakatika.