Kidoti cha Kotile

Jumatano, 3 Februari 1999

Kotile amepata kibarua! Iko meli ya utafiti huko baharini Kipini, wanajaribu rada. Eti inaona mbali kuliko macho, mpaka ng'ambo ya pale bahari inapojikunja. Yeye ataendesha boti ndogo yenye mlingoti wa chuma, huko mbali, peke yake, rada imtafute. Nikamuuliza, kwa hivyo unalipwa ili uonekane? Kacheka mpaka mwanetu Nasteha akaamka. Na ndio kwanza nilikuwa nimemlaza! Jino linamsumbua, siku ya tatu sijalala.

Nimemwambia jambo moja tu: sala usiache kwa ajili ya kazi ya watu. Akasema, sawa mwalimu, nitageuza boti kaskazini, kwenye kibla, nizime injini, nisali. Sikumwachia mkono mpaka akaapa.

Ijumaa, 5 Februari

Hajarudi. Tangu jana.

Jumamosi, 6 Februari

Amekuja Abdirashid, mwana wa Barwako mwenye duka hapa Garsen. Ndiye fundi wa rada melini. Anasema Kotile alipotea kwenye skrini Alhamisi, saa saba kasorobo mchana. Wametafuta hapo siku mbili. Hakuna hata ubao.

Nikamwuliza — rada ya kuona mbali, imeshindwaje kuona mtu? Hakukasirika. Anasema rada inaita, kila kitu kinaitika. Mawimbi nayo yanaitika, tena kwa nguvu kuliko boti. Meli ikitulia, mawimbi kwenye skrini yanajipanga pembeni, yanayokuja huku, yanayokwenda kule, katikati pako wazi. Lakini meli ikitembea yanatapakaa kote. Boti ikienda mbio bado utaitambua. Ikisimama, imefunikwa.

Jioni mama mkwe amefika kutoka Ozi. Amekuja na nguo nyeupe ya eda, ya mjane, imekunjwa vizuri kwenye mfuko. Ameiweka juu ya sanduku langu.

Jumapili, 7 Februari

Nilikuwa nakoroga uji. Saa saba kasorobo — lakini hiyo ndiyo adhuhuri! Alikuwa anasali!

Nimeacha uji motoni, nimembeba Nasteha, mbio mpaka chumba cha nyuma ya duka. Abdirashid yuko na kompyuta, jenereta inanguruma. Amekuja na tepu za rada za siku ile. Nimemwambia, hapo hakuzama, hapo alisimama makusudi. Na kabla ya kusimama lazima aligeuka kaskazini. Kanitazama. Kafungua daftari la meli: kabla ya kupotea, boti ilipinda kwenda kaskazini. Wao waliandika "mkondo wa maji".

Mkondo wa maji!

Sasa anayatoa mawimbi kwenye skrini. Inabidi ajue meli ilikuwa inakwenda upande gani, kwa kasi gani, kila dakika, halafu aondoe mwendo huo kidogo kidogo. Tulikaa tangu asubuhi. Saa tisa hivi akaniita. Kidoti kimoja, kimetulia kabisa. Nikahesabu naye. Dakika tisa. Kumi. Abdirashid akasema, mbona ndefu, shemeji? Nikamwambia yeye husali polepole, hata nyumbani chai hupoa. Ya kumi na moja — kikaondoka! Kikashika njia ya kusini, nao melini macho yao yote yalikuwa bado pale kilipopotelea.

Nimelia mbele ya watu wa duka. Barwako amenipa soda, hakunitazama usoni. Wameipigia meli redio, waende kusini.

Jumatatu, 8 Februari

Kusini ni kukubwa. Meli inataka kujua alifika wapi mwisho. Tepu ya saa nane, yuko. Tepu ya saa tisa, yuko, anakwenda. Kila nusu saa ya tepu inakula nusu siku.

Mama anasema nawachekesha watu, mke kushinda na mwanamume chumbani kwa ajili ya kidoti. Anasema anza eda, binti yangu, Kotile mimi namjua, angekuwa hai angenijia hata kwa kutambaa. Nimemjibu kwa adabu lakini nimemjibu. Mama, mume wangu amesimama kusali. Sikai eda ya mtu anayesali. Akajifunika uso na kanga. Usiku tumelala kitanda kimoja, Nasteha katikati, kila mtu ameshika mguu mmoja wa mtoto.

Jumanne, 9 Februari

Leo Mama amesema twende sote. Kaja na mfuko wake, nguo ya eda kairudisha ndani.

Saa kumi kasoro dakika kumi, Alhamisi ile. Alasiri. Kidoti kikapinda kaskazini. Mama akanishika goti. Kikasimama. Nikasema, hapo anasali Mama, mwangalie. Akasogea karibu na kioo, akamwita kwa jina.

Dakika tano. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili nikasema leo ameongeza dua. Kumi na tano.

Ya kumi na sita hakipo. Si kwamba kimefunikwa. Mawimbi yote yameshatolewa, skrini safi kama sahani iliyooshwa. Hakuna kitu.

Mimi ndiye niliyemwapisha asimame.

Abdirashid kaondoa mikono kwenye mashine. Anasema huenda amesafisha kupita kiasi. Boti iliyosimama yafanana na mawimbi, huenda amemfuta naye. Ataanza upya, mkono mwepesi. Sijui kama ni kweli au ananihurumia.

Ni Mama aliyemshika bega. Rudisha mawimbi, baba, anamwambia. Rudisha kidogo tu. Usimsafishe sana.

Tepu inarudi nyuma, inalia. Nasteha amelala kwangu, jino limetoka, nimeligusa kwa kidole. Mama hajageuka kunitazama. Mfuko wake uko sakafuni karibu na mguu wangu. Nimeshaitoa ile nguo nyeupe. Iko hapa mapajani, chini ya daftari hili.