Mimba Niliyoificha Kituoni

Majengo, Nyeri
9 Aprili 2025

Mpendwa Dada Jannat,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Doha, na kwamba goti lako limepoa. Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima. Mimi si mzima.

Ile mimba ilitoka, Dada, ikiwa na wiki kumi na nne. Ni ya pili hiyo.

Ulinishauri ninyamaze hadi miezi minne itimie, macho ya watu yasije yakaniharibia. Nikatii. Kituoni kwetu, mwenye mimba akijisema huondolewa kwenye gari la zimamoto na kuketishwa kwenye kiti cha kupokea simu, na ukiketishwa hapo, Majengo nzima imejua kabla ya adhuhuri. Basi nikavaa koti langu na kupanda gari kama kawaida.

Ghala la magodoro likaungua Kiganjo. Mtungi wangu wa hewa ulipoisha nilipaswa kutoka nje. Niliogopa wataniuliza mbona nimechoka mapema, nikavua barakoa nikaendelea kushika bomba. Siku ya nne nikaanza kutoka damu.

Daktari hasemi ni moshi, wala hasemi si moshi. Anasema tujaribu tena, kana kwamba nimekosa nyanya sokoni. Nina miaka thelathini na tisa.

Mkubwa wetu, Mutahi, alikuja kunijulia hali na mfuko wa maparachichi. Alipoelezwa, akashika kichwa. "Ati ulikuwa na mimba na unabeba bomba? Si ungesema tu. Hiyo kiti ya simu iko tu." Mficha uchi hazai. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wenzangu hivyo.

Alipoondoka, Lynn, mwenzangu wa kituoni aliyekuja naye, alibaki. Akaniambia amepoteza mimba mbili, naye pia alificha. Miaka sita tunapanda gari moja.

Mume wangu Shakir aliizika ile mimba mwenyewe. Sheikh alisema haikufikia kupewa jina wala kusaliwa. Nimeelewa, lakini imeniuma sana.

Nisalimie shemeji Dawud na mwanao Ikran, na Mungu awafunike kwa rehema zake. Sikulaumu, Dada, ulisema kwa mapenzi. Ila usinishauri tena ninyamaze, na usiniombee mtoto mwingine. Niombee niache kuhesabu wiki. Leo ingekuwa ya kumi na nane, ningekuwa nimeanza kuwaambia watu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Subira